Bei nzuri hailiwi kwa simu

Watu wakisikia nakaanga kahawa hapa Mombasa swali la kwanza ni mashine nilinunua pesa ngapi, la pili ni kama kuna faida. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nimemdhulumu nani. Na hilo ndilo ningependa kuhadithia, manake hii biashara niliianza mwisho wa 2018 nikijiona msafi kuliko wote, kahawa ya haki, kahawa rafiki wa mazingira, nikaandika hadi kwenye pakti kwa hati za madoido, na haikufika miaka mitatu nilikuwa nimemkosea jirani, nimemkosea mkulima na nimemkosea kijana wangu wa kazi, wote watatu, na kila mara nia yangu ilikuwa nzuri walahi.

Mimi mtoto wa Kibokoni, Mji wa Kale. Kwetu kahawa si kitu cha kufundishwa, mzee anapita na dele lake, lile birika la kahawa, makaa chini, vikombe vinagongana mkononi kli kli kli, ukisikia hivyo baada ya magharibi unajua babako anakaribia kutoka barazani kuagiza. Kahawa chungu, tangawizi ndani, kashata au tende pembeni. Nilikuwa nadhani kahawa inaota Marikiti kwenye duka la viungo hehe. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima, nilipoajiriwa uklaki kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, nikawa kila wiki napitisha karatasi za makontena ya kahawa, ya Kenya, ya Uganda, magunia ya kilo 60 yanaenda Ujerumani, Ubelgiji, Marekani, mbichi vilevile haijaona moto. Chai angalau inapigiwa mnada hapa hapa Mombasa, kahawa mnada wake uko Nairobi, sisi huku tunaiona mgongo tu ikipanda meli. Ile kahawa nzuri inapita mlangoni kwetu na sisi tunakunywa tusichojua kimetoka wapi. Ikaniuma. Nikasema nitaikaanga hapa, niiuze hapa, na aliyeilima nimlipe vizuri kuliko anavyolipwa.

Mwanzo nilitaka kahawa ya Pwani kabisa, kwa kiburi tu, kwa sababu kahawa ya kwanza ya nchi hii ilipandwa Bura huko Taita mwaka 1893, mapadri wa Kifaransa ndio walioileta. Nikapanda matatu hadi Wundanyi, nikazungushwa milimani siku mbili, nikapata mama ana mashina kama kumi na tano nyuma ya nyumba na kahawa yake anakunywa mwenyewe. Nikanywa uji nikarudi. Mwishowe rafiki yangu wa chuo akaniunganisha na kikundi cha akina mama upande wa Machakos walio ndani ya ushirika, tukafanya mkataba kupitia huo ushirika wao, nikawaahidi bei ya juu, theluthi nzima juu ya walichopata msimu uliopita. Nilipiga picha na wale mama tumeshikana mikono. Hiyo picha ninayo bado na siipendi.

Wacha nianze na jirani manake ndiye wa kwanza kulia.

Nilianzia uani kwa mamangu. Fundi wa jua kali Majengo alinitengenezea ngoma ya bati ya kuzungusha kwa mkono, chini makaa. Ilikuwa Desemba, kaskazi inavuma, moshi wote ukitoka unachukuliwa unapelekwa nyuma kwenye gofu la nyumba lisilo na mtu, mimi nikajua basi moshi si tatizo. Kahawa ikikaangwa inatoa moshi wa ajabu hasa ukiipeleka ikawa nyeusi, na inapukutisha makapi mepesi kama ngozi ya kitunguu yanaruka kila mahali. Miezi minne hakuna aliyesema kitu. Kisha Aprili kusi ikaingia, upepo ukageuka, na moshi ukageuka nao ukaenda moja kwa moja dirishani kwa bi mkubwa wa nyumba ya pili na kwenye kamba zake za nguo. Mtu nimekulia Pwani, baba yangu alikuwa anavua, nakuambia majina ya pepo zote nikiwa usingizini, na sikufikiria hilo hata siku moja.

Bi mkubwa hakuja kugomba. Alimtuma mjukuu wake na buibui limekunjwa vizuri kwenye sinia. Mtoto akasema, "Nyanya anasema unuse." Basi hivyo tu. Nikanusa. Jioni nikaenda kumtaka radhi na sahani ya kaimati, akapokea, akanikalisha, akaniambia, "Mwanangu mimi sikukatazi riziki, lakini mimi umeniuzia nini hata ninuke kahawa?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa na pakti ndani ya nyumba imeandikwa rafiki wa mazingira, na mazingira yenyewe ni huyu mama na kamba yake ya nguo.

Na makaa nayo. Serikali ilisimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma Februari 2018, makaa yakapanda bei, na ukimuuliza muuzaji yametoka msitu gani anakuangalia kama umemtukana. Nikajaribu makaa ya vifuu vya nazi, manake vifuu Kongowea vimejaa, watu wanatupa. Wazo tamu lakini moto wa vifuu ni mkali na una haraka, ngoma yangu ya bati haikuwa na thamometa, kahawa ikawa imeungua nje ndani bado mbichi, ukiinywa ina ladha ya nyasi na majivu kwa pamoja. Nilitupa kilo ishirini. Hapo piga hesabu: kilo moja ya kahawa mbichi inataka kilo sita saba za matunda mekundu yaliyochumwa moja moja kwa mkono, ukiikaanga inapungua tena uzito kama asilimia 15 hadi 20. Kilo ishirini zile ni kama kilo mia moja na thelathini za matunda, mgongo wa mtu, nimezimwaga jalalani kwa sababu nilitaka kusifiwa kwa vifuu.

Mwisho wa 2019 nikakopa nikanunua mashine ya gesi ya mkono wa pili, ngoma ya kilo tano, nikakodi kona ya godauni Changamwe, nikatoka uani. Gesi si kitu kisafi, inatokana na mafuta ya ardhini vilevile, na Julai 2021 kodi ya VAT ya asilimia 16 ilipoirudia nilijuta, lakini unaweza kuikamata. Kahawa inapasuka mara ya kwanza joto likikaribia digrii 200, inalia kama bisi, ukitaka isiwe nyeusi sana unaitoa kidogo baadaye, na usipoipeleka hadi mpasuko wa pili moshi unapungua sana. Nikafunga na bomba refu lenye pipa la kunasa makapi. Yale maneno ya rafiki wa mazingira nikayatoa kwenye pakti. Nilibandika lebo nyeupe juu kwa mkono, pakti mia sita, mamangu akisaidia na kunicheka.

Sasa twende kwa mkulima. Hii sipendi kuisimulia.

Nilipata hoteli moja ya ufuoni. Sitaitaja. Walitaka AA peke yake, yaani zile punje kubwa, iliyokaangwa kati, na walilipa siku tisini baada ya invoisi. Nikaona nimefika. Siku tisini ni nini, mimi nina mkataba. Kumbe siku tisini hizo mimi nilizichukua mzima mzima nikaziweka kwenye mabega ya wale mama. Niliwapa theluthi ya pesa mkononi, nikawaambia zingine zinakuja hoteli ikilipa, na bei ni nzuri si mnaijua. Wakakubali, manake kwenye ushirika wamezoea kupeleka matunda leo na kulipwa baada ya miezi mingi, mimi nikaona basi hata nikichelewa miezi mitatu bado ni bora kuliko walivyozoea. Huo ndio ujanja wa nafsi, unajipima na mbaya zaidi.

Machi 2020 korona. Hoteli ikafunga milango, wageni hakuna, mhasibu hashiki simu. Kafyu ikaingia. Kisha tarehe 6 Mei wakatangaza Mji wa Kale hakuna kutoka hakuna kuingia, sisi na Eastleigh ya Nairobi, na mimi niko ndani Kibokoni, mashine na magunia yote yako Changamwe. Karibu mwezi mzima nimekaa naangalia barabara imewekwa vizuizi. Na huo ndio mwezi wa masika. Kahawa mbichi inatakiwa iwe na unyevu wa asilimia kama 10 hadi 12, na hewa ya Mombasa wakati wa mvua unaweza kuikamua kama tambara, na mimi kwa ujuaji wangu magunia nimeyalaza chini kwenye simiti, yameegemea ukuta. Nilipofungua lile godauni mwezi wa sita harufu ilinipokea mlangoni. Ukungu. Magunia matano, kilo mia tatu, hakuna hata moja lililosalimika kamili. Ukungu wa kahawa si wa kupangusa ukakaanga, una sumu moto hauimalizi yote. Kuna mtu aliniambia nichanganye nikaange nyeusi niwauzie wa dele, hakuna atakayejua. Nilimsikiliza dakika kama mbili nzima, nasema kweli, nilisimama pale nikifikiria. Kisha nikatupa.

Jioni hiyo nikampigia mwenyekiti wa kile kikundi. Nikaanza kumueleza, hoteli, korona, vizuizi, mvua, nikamwambia bei yenu iko palepale sijaipunguza hata shilingi. Akanyamaza. Kisha akasema, "Madam, bei nzuri hailiwi kwa simu. Sisi msimu huu tumeanika mbuni tukauzia broka. Analipa kidogo, lakini analipa akiwa amesimama hapo."

Kwa asiyejua, mbuni ni kahawa iliyokaushwa na ganda lake, haikupelekwa kiwandani kumenywa na kuoshwa, huwa ni matunda ya mwisho au yaliyokaukia mtini, bei yake ni ya chini kabisa. Matunda mekundu mazuri kuyaanika mbuni ni kama kuchukua kitambaa cha kushona kanzu ukakifanya dekio. Wale mama wanajua kahawa kuliko mimi mara mia, walijua wanachopoteza, wakakipoteza kwa sababu mbolea na unga havingoji hoteli. Na kilichonimaliza ni hiki, wiki chache baadaye nilimtembelea yule mzee wa dele, tunamwita ami, nikaona gunia lake jipya, nikashika punje, mbuni. Nikamuuliza imetoka wapi, akasema duka lilelile la Marikiti, mali ya Ukambani. Sitaapa kuwa ni ileile. Lakini nilikaa pale barazani nikinywa kikombe cha shilingi 10 na kooni haikupita vizuri.

Kuwalipa nilimaliza Februari 2021, nimeuza pikipiki na dhahabu yangu ya harusi kidogo. Hawakunisifu wala hawakunitukana. Mwenyekiti alituma neno moja, "imefika".

Baada ya hapo nilikwenda Machakos bila kamera. Tulikaa chini ya mti na kahawa ya unga iliyopikwa na maji mengi mno (wakulima wa kahawa hawajui kupika kahawa bana, nimewaambia na wamecheka), nikawauliza mnataka nini hasa. Mimi nilidhani watasema bei. Wakasema tarehe. Yaani wanataka kujua siku. Bei iwe ya chini kuliko ile ya ahadi yangu sawa, lakini nusu ilipwe siku kahawa inapopimwa na nusu ndani ya wiki mbili, kwenye M-Pesa ya kila mmoja, isipitie kwa mume wala kwa mwenyekiti. Hilo la mume walisema kwa kicheko lakini hawakuwa wanacheka. Ndivyo tunavyofanya hadi leo, na kwa sababu sina mtaji wa kununua msimu mzima kwa pesa taslimu nanunua kidogo kidogo.

Jambo la pili walilosema sikulitegemea kabisa: ukija unachukua AA tu, hizi zingine tule? Na kweli, AA ni ukubwa wa punje, inapimwa kwa chujio, si utamu. Mti uleule mkono uleule unatoa AA, AB za kati, PB ile ya duara, C ndogo, na ukimchukulia mtu zile kubwa tu unamwachia fungu lisilo na mnunuzi. Sasa nachukua zote. AB nazikaanga kati kwa wanaokunywa nyumbani, C naipeleka nyeusi kwa wenye madele. Hoteli nazo nikaziambia siku kumi na nne au hatuuziani. Mbili ziliniaga siku hiyohiyo. Moja ilikubali, na inalipa siku ya ishirini na kitu, huo ndio ukweli.

Kijana wangu nusura nimsahau hapa pia, kama nilivyomsahau wakati ule. Alikuwa kibarua, analipwa kwa siku, anakaanga nami na kupakia. Chumba cha kuwekea kahawa iliyoiva nilikifunga kila kitu, madirisha, nyufa, nilikuwa naogopa unyevu kama mtu aliyeumwa na nyoka. Akawa anashika kichwa, macho mekundu, nikadhani ni Ramadhani, kisha Ramadhani ikaisha na kichwa kikabaki. Siku moja mimi mwenyewe nilikaa mle ndani saa nzima nikihesabu stoku nikatoka nayumba. Ndipo nikajua kahawa ikitoka motoni inaendelea kutoa hewa siku kadhaa, na ndani yake kuna kaboni monoksaidi, ileile ya jiko la makaa linaloua watu ndani ya nyumba. Chumba kidogo kilichofungwa na kilo mia za kahawa iliyotoka tu motoni, nilikuwa nimemtengenezea mtu wa watu kaburi linalonukia vizuri. Nikamuuliza kwa nini hukusema. "Dada, nikisema ungeniambia nipumzike. Na nikipumzika silipwi."

Tukatoboa ukuta tukatia feni ya kutoa hewa nje, wiki ileile. Lakini feni ilikuwa rahisi, kilichokuwa kigumu ni kumtoa kwenye malipo ya siku nikamweka kwa mwezi na NSSF na likizo ya ugonjwa, manake hapo ndipo faida yangu yote ya mwaka ule ilipokwenda. Mamangu aliniuliza kama nimeajiri au nimeajiriwa.

Mengine nayapita haraka. Pakti za karatasi tupu ni nzuri kwa picha, kwa Mombasa hazifai, wiki mbili kahawa imelala haina harufu, na kahawa iliyokufa ni taka kubwa kuliko pakti yenyewe. Natumia pakti zenye foili na kivalvu cha kutolea hewa kwa wateja wa mbali, sizisifii, na wateja wa hapa mjini wanakuja na mikebe yao nawajazia na kuwakatia shilingi 20 kwa nusu kilo. Wengine wanaleta mikebe ya Nido ya enzi za bibi zao, napenda sana. Makapi anachukua mfugaji wa kuku wa Kisauni anatandika bandani. Mashapo nilimpa shangazi yangu kwa bustani nikamwambia ni mbolea bora, akayamwaga mabichi juu ya miche ya sukuma na sukuma ikadumaa yote, hadi leo anaitwa nayo kwenye harusi, yule aliyeuliwa sukuma na kahawa. Yanatakiwa yaoze kwanza na majani na samadi, miezi.

Magunia sasa yako juu ya mbao, mbali na ukuta, ndani yake nailoni nzito isiyopitisha hewa. Plastiki, ndiyo.

Na ami wa dele. Nilimpelekea C yangu kwa mara ya kwanza 2022, bure, nimeikaanga nyeusi vile anavyotaka. Akaitwanga mwenyewe, akaipika, akaonja, akaionja tena, akasema imeiva bila kuungua, hilo ni jambo. Kisha akauliza bei. Nikamwambia. Akacheka, akaniambia, "Mwanangu, kikombe ni shilingi kumi, watu wangu ni wa hamali na boda, nikipandisha watanihama." Nikapiga hesabu naye pale pale juu ya sinia, kilo moja inatoa vikombe vingapi, makaa, tangawizi, miguu yake. Haikutoka. Nikashusha nilipoweza, bado haikutoka. Tulimaliza kwa kuchanganya, nusu yangu nusu mbuni ya Marikiti, na ndivyo anavyouza hadi sasa, kila usiku, na wateja wanasema imekuwa nzuri siku hizi.

Ile nusu nyingine ya gunia lake huwa naiangalia kila nikipita. Msimu huu nimemuuliza mwenyekiti kama kikundi kingekuwa tayari kuniuzia mbuni yao pia, ile ya mwisho wa mavuno, kwa tarehe zilezile. Amesema atawauliza wenzake Jumapili wakitoka kanisani.